Tasnifu ya madini ya baharini: tenganisha kuona na kulinda

Ndugu, nimekuelewa: unaandika tasnifu kuhusu madini ya sakafu ya bahari, na msimamizi anasema hoja yako kwamba teknolojia ya kidijitali italeta uendelevu ni pana mno. Samahani, ila yuko sahihi.

Ipunguze. Chukua eneo moja, mfano Clarion-Clipperton katika Pasifiki, ambako vinundu (mabonge ya mawe yenye nikeli, kobalti, shaba na manganizi) vimelala kwenye kina cha mita 4,000 hadi 6,000. Roboti za chini ya maji huchora sakafu kwa undani ambao meli iliyo juu haifikii, na vihisi hupima tope linalotimuliwa na mashine. Lakini ramani hizohizo humwonyesha mchimbaji pa kuchota haraka zaidi. Yaani kuona sakafu si kuilinda. Hapo ndipo penye utamu, kaa hapo.

Data ipo. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika, ilifungua hifadhidata ya DeepData mwaka 2019. Anza na data ya mazingira. Ile ya kiasi cha madini ni siri ya wakandarasi, usiisake (mimi nilipoteza wiki mbili).

Tahadhari: usiandike kwamba modeli ya kompyuta "imethibitisha" usalama wa uchimbaji, kwa sababu sakafu hupona polepole mno. Vinundu hukua milimita chache kwa miaka milioni, na alama za jaribio la 1989 la kulima sakafu ya bahari karibu na Peru, kuiga uchimbaji, zilikuwa bado zinaonekana 2015.

Ukigusa haki za nchi chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, mwone mwanasheria wa bahari kabla hujawasilisha.