Mama Zetu Wamo Kwenye Karatasi Zipi? Maswali na Majibu

Natafiti maisha ya wanawake wa Nyanza enzi ya mkoloni, lakini kwenye faili nakuta wanaume tu. Nitafute wapi? (Mwanafunzi, Kisumu)

Dada yangu, usikate tamaa. Mkoloni aliandika wale aliotaka kuwatumikisha na kuwatoza. Kipande, kile cheti cha utambulisho na kazi, walining'inizwa wanaume shingoni. Kodi ya kibanda nayo iliandikwa kwa jina la mume, na mwenye wake watatu akalipia vibanda vitatu. Mama akahesabiwa kama nyumba! Hili huniuma kila nikizishika orodha hizo. Lakini zisome tena, maana idadi ya vibanda hukudokezea wake waliokuwemo katika boma la mume huyo. Kisha omba majalada ya mahakama za wenyeji: kesi za mahari, talaka, watoto. Humo mwanamke ana jina na anasema, japo kwa kalamu ya karani. Makavazi ya Kitaifa, yaani hifadhi ya nyaraka za serikali, yana ofisi Kisumu, Kakamega na Nakuru. Anzia karibu kabla ya kupanda basi la Nairobi. Ukifika 1965, Grace Onyango alipokuwa meya wa Kisumu, mwanamke wa kwanza nchini kushika cheo hicho, tafuta kumbukumbu za vikao vya baraza.

Marehemu mama aliacha daftari la chama chao. Limelowa, pini zina kutu. Nilichome? (Nakuru)

La, nakusihi! Humo mna nani alitoa shilingi ngapi, nani alikopa karo, na mwezi gani mchango ulikosekana. Hakuna ofisi iliyoandika hayo. Lianike kivulini penye upepo, ukitia karatasi kavu za kunyonya maji kati ya kurasa. Likikauka, kunjua miguu ya pini kwa nyuma kwa kisu butu, ndipo uitoe. Ukiivuta kwa mbele itararua karatasi. Usitie selotepu, gundi yake hugeuka rangi na kuharibu karatasi.

Nina kaseti ya nyanya akisimulia ndoa yake kwa Kimaragoli. Niihifadhije? (Vihiga)

Leo hii vunja vile vimeno viwili vya plastiki ukingoni, asije mtu akarekodi muziki juu ya sauti yake. Kisha inakiliwe kwenye kompyuta, nakala mbili mahali tofauti. Kama nyanya yu hai, muulize nani aruhusiwe kuisikiliza. Mambo ya ndoa ni yake.

Nyuma ya picha za zamani niandike kwa biro? (Kakamega)

Kwa penseli laini. Na usiandike "mke wa fulani". Andika jina lake, lile aliloitwa kwao kabla hajaolewa.