Hiyo pampu ya Mustang ya 66 usiitupe

Ndugu, umeuliza kama hiyo pampu inayozungushwa na mkanda hapo mbele ya injini ni kitu cha kubandikwa na fundi tu. Hapana, ni ya kiwandani kabisa. Gari mpya za modeli ya 1966 zilizouzwa California zililazimika kupunguza moshi wa egzosi, Marekani nzima ikafuata kwa modeli za 1968, kwahiyo Mustang ya mwaka uleule iliyouzwa Texas haina hiyo kitu na zote mbili ni orijino. Ford waliita mfumo wao Thermactor, pampu inasukuma hewa safi mpaka kwenye matundu ya egzosi ili petroli ambayo haijaungua imalizikie humo.

Wengi waling'oa wakaziba matundu kwenye silindahedi, na ndo maana sahivi kuipata kamili ni shughuli, we unayo halafu unataka kuitoa, jamani!

Hakikisha hivi kama gari yako iliuzwa California: fungua mlango wa dereva, kuna kibati kimepigiliwa ubavuni mwake, soma namba za chini ya DSO, yaani kodi ya ofisi ya mauzo ya Ford iliyoagiza gari. Ukikuta 71 ni oda ya Los Angeles, 72 San Jose, zote za California. Ila usichanganye na ile R ya kwenye namba ya chasisi (VIN), hiyo inasema tu imeundwa kiwanda cha San Jose, na gari za pale zilienda majimbo mengine pia.