Utando "unaopatana na damu": tuseme hivyo?

Swali: Mimi ni muuguzi katika kitengo cha kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Naandaa kijikaratasi cha kuwaeleza kwa nini utando wa polima (kitu cha jamii ya plastiki) ulio ndani ya chujio huboreshwa ili "upatane na damu". Mwenzangu anataka niandike "uendane na damu". Pia nimeandika "protini na damu huganda kwenye utando". Ni sawa? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Ndugu muuguzi, sarufi haikatazi "patana" wala "endana". Shaka yangu ni masikio ya mgonjwa. Ukisema damu zimepatana, mtu anaelewa watu wawili waliopendana tangu siku ya kwanza, au ndugu aliyepimwa akaonekana anaweza kumtolea mwenzake damu. Mgonjwa wako atauliza utando ni wa kundi gani. "Endana" naiachia vitu vinavyokwenda sambamba, kama mshahara na bei za sokoni.

Mimi ningeandika "uchukuane na damu". Ndivyo asemavyo mama kwamba dawa haikuchukuana na mwanawe, na kinyume chake tunacho tayari: mwili umeikataa.

Linalonisumbua zaidi ni hilo "huganda". Ugali ukiganda kwenye sufuria, umenata. Mafuta ya nazi yakiganda asubuhi ya baridi, yameacha kuwa maji. Kitenzi kimoja, mambo mawili, na kwenye utando yote mawili hutokea, tena kwa zamu. Damu ikigusa polima, protini zake, ikiwamo fibrinojeni (ile inayosaidia damu kuganda), hunata ndani ya sekunde chache. Chembe sahani, vichembe vidogo vya damu vinavyosaidia kuziba jeraha, huja kunata juu ya protini hizo. Damu kuganda hufuata baadaye. Ukiandika "huganda" kote, umeificha zamu hiyo, na watengenezaji wa tando wanahangaika nayo hiyo hiyo.

Chukua polisalfoni, polima inayotengenezewa tando nyingi za aina hii. Ikiwa tupu hailowi kwa urahisi (jani la magimbi ndilo mfano wa mbali kabisa wa kitu kisicholowa), na protini hunata zaidi pasipolowa. Huchanganywa na polivinilipirolidoni, polima inayopenda maji, ili utando ulowe, na hapo protini zinazonata hupungua. Dawa ya heparini kazi yake ni nyingine: huzuia damu isigande. Daktari Willem Kolff aliitumia mjini Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, alipopitisha damu ya mgonjwa ndani ya mrija wa sellofeni (utando mwembamba unaopitisha mwanga), ule wa kutengenezea soseji, uliozungushwa kwenye pipa. Sellofeni yenyewe hakuibadilisha.

Kwa hiyo "nata" iwe ya protini na chembe sahani, "ganda" iwe ya damu. "Utando" umeuchagua vizuri, wingi wake "tando". Sentensi yako ningeiandika hivi: "Utando huu umetengenezwa uchukuane na damu yako, ili protini zisinate kwa wingi na damu isigande ovyo."