Kabla kijiji chenu hakijapanda mti hata mmoja

Vijana wengi wananiuliza waanzie wapi wanapotaka kuhifadhi mazingira ya kijijini kwao, na karibu wote wanakuja na wazo la kupanda miti. Silipingi. Lakini kwa huku kwetu Kilwa, kwenye misitu ya miombo, nawashauri waanze na mipaka. Msitu uliosimama tayari una faida kuliko miche iliyopandwa siku ya sherehe ikaachwa inyauke kiangazi. Hata pale palipokatwa, visiki vingi vya miombo vina mizizi hai. Visipolimwa wala kuchomwa kila mwaka, vinachipua vyenyewe.

Sheria imetupa nguvu kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuuvuna kwa mpango, kutoza faini na kubaki na mapato. Kule Babati, vijiji vya Duru-Haitemba vilianza kulinda msitu wao miaka ya 1990, kabla sheria hizo hazijatungwa, baada ya Serikali kuachana na nia ya kuufanya hifadhi yake. Hapa Kilwa, misitu ya Kikole na Kisangi ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri. Waliofanya hayo ni wakulima kama sisi.

Kwa hiyo mipaka. Nimekaa kwenye kamati ya maliasili, na hakuna kazi iliyotuchosha na kutufaa kama hiyo. GPS peke yake haitoshi. Chukueni wazee wanaojua majina ya vijito na mahali mahame yalipokuwa, na muwaite wajumbe wa kijiji jirani mtembee nao mguu kwa mguu. Mkikubaliana, andikeni muhtasari pale pale, pande zote mbili ziweke saini na mihuri. Mpaka uliochorwa upande mmoja ni ugomvi uliowekwa akiba, na mvuna magogo haramu anajua kuutumia: akikamatwa atasema kibali amepewa na kijiji cha pili.

Wanawake wawepo kwenye safari hiyo, tena si kwa kupika tu. Wao ndio wanaojua kuni zinaokotwa wapi, ukindu unakatwa wapi, ming'oko inachimbwa wapi mwaka wa njaa. Sheria ndogo ikipiga marufuku kila kitu, watu wataingia usiku. Ikisema wazi kipi ni ruksa na kipi kinahitaji kibali, wanakijiji wenyewe ndio watakaokuletea taarifa za msumeno unaolia porini.

Na msisahau ufuta. Bei ikipanda, kila mtu anataka shamba jipya, na shamba jipya linatoka msituni. Mpango wa matumizi bora ya ardhi lazima uache eneo la kutosha la kulima, pamoja na la watoto watakaokuwa na kaya zao kesho. Msitu uliotengwa bila kuwafikiria wakulima utaliwa kidogo kidogo kutoka pembeni.

Taratibu nyingine afisa misitu wa wilaya atawaelekeza: kamati kuchaguliwa, mpango wa usimamizi, sheria ndogo kupita mkutano mkuu kisha halmashauri ya wilaya. Mfuateni mapema, msimsubiri.

Jambo linaloua misitu ya vijiji hata pasipo shoka ni fedha. Mpingo unahitaji miaka zaidi ya 70 kufikia kuvunwa, halafu mapato yake yanapotea kwa msimu mmoja na imani ya watu inakwenda nayo. Anayeshika nyundo ya kugongea alama magogo yaliyoruhusiwa asiwe huyo huyo anayeshika kitabu cha risiti. Mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu, ambao unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, kisha yabandikwe ubaoni. Sehemu ya fedha ilipe posho za doria, kwa sababu mtu hawezi kushinda porini huku shamba lake linaliwa na nguruwe, lakini sehemu nyingine ionekane kwa macho: kisima, darasa, choo cha zahanati. Mama aliyechota maji ya kisima cha msitu hahitaji semina ya uhifadhi.

Kijana asiye kwenye kamati naye ana nafasi. Jiunge na doria, jifunze kusoma ramani na kupima miti, omba kuandika mihutasari kama mwandiko wako unasomeka. Mvua zikiisha na nyasi zikiwa bado na unyevunyevu, shiriki uchomaji wa mapema kuzunguka msitu, chini ya kamati, ili moto mkali wa Septemba na Oktoba ukija ukute hapana cha kuunguza. Na kwenye mkutano mkuu ujao, nyoosha mkono uulize ramani ya kijiji iko wapi. Kama haipo ofisini kwa mtendaji, omba iwe ajenda ya mkutano unaofuata.