Fidla mbili zinafanana kabisa, mbona moja inaimba na nyingine inakoroma?
Mkuu umeuliza hivo, na ukauliza kama kweli za zamani ndo bora. Nimepiga fidla miaka mingi, ntakuambia niliyoyaona.

Kwanza elewa kwamba uzi peke yake hausukumi hewa ya maana, ni mwembamba mno. Mtetemo unapita kwenye daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, unaingia kwenye ubao wa juu, na ubao ndo unaotoa sauti, halafu hewa ya tumboni nayo inavuma yenyewe kupitia yale matundu mawili, kwa mitetemo kama 270 au 280 kwa sekunde. Uzi wa G, ule mzito kuliko wote, ukipigwa bila kubonyezwa kidole ni 196, chini ya hapo, kwa hiyo sauti yake ya msingi ni dhaifu na unachosikia zaidi ni zile za juu yake, sikio linajazia lenyewe.

Sasa ndani kuna kijiti cha mbao kimesimama kati ya ubao wa juu na wa nyuma, karibu na mguu wa daraja upande wa uzi wa E, ule mwembamba kuliko wote, hakina gundi, kimebanwa tu. Waitaliano wanakiita anima, yaani roho, na aisee hawajakosea. Fidla yangu uzi wa A uliwahi kuwa mkavu, unakwaruza, ukibonyeza upinde kidogo sauti inakatika, nikataka kuiuza. Fundi akaingiza chuma chake kwenye tundu akakisogeza kijiti hata milimita moja haikufika, nikapiga palepale na noti ikatoka imejaa, upinde unagusa tu inaitika. Mbao ni zilezile, nyuzi ni zilezile!

Kuhusu za zamani, mwaka 2012 huko Paris wapigaji mahiri 10 walivalishwa miwani ya giza wakapewa fidla 12, nusu mpya nusu za zamani, zikiwemo za Stradivari, yule fundi Mwitaliano wa zamani mwenye sifa kuliko wote. 6 kati yao walichagua mpya kuwa bora, na kubahatisha ipi ya zamani ilikuwa kama kurusha shilingi. Mimi naamini kinachomvuta mpigaji ni jinsi chombo kinavomjibu mkononi, kuliko umri wake.

Kwa hiyo ukienda kununua usiishie kuisikiliza ikiwa begani kwako, maana kuna zinazopiga kelele sikioni halafu hazifiki mbali. Mpe mwenzako apige, we kaa mwisho wa chumba umempa mgongo, na mwambie apige polepole kabisa, kwa sauti ndogo, hapo ndo mbovu zinajitaja.