Ushindi 10 unaushindaje ushindi 18?

SWALI: Nafuatilia besiboli ya Marekani. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York Mets alishinda mechi 10, akapoteza 9. Max Scherzer wa Washington Nationals alishinda 18, akapoteza 7, tena akawatoa wapigaji 300 kwa straiki (mpigaji hutoka akifikisha straiki tatu). Mbona tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa Ligi ya Taifa, alipewa deGrom?

JIBU: Safu ya ushindi iweke kando kwanza. Mrushaji anayeanza mechi huandikiwa ushindi akirusha angalau iningi (vipindi vya mchezo) 5, akatoka timu yake ikiwa mbele, na wenzake wakaulinda uongozi huo hadi mwisho. Ni sawa na kumdai kipa pointi tatu wakati mastraika wake hawafungi.

Tazama ERA, yaani mikimbio (pointi za wapinzani) anayobebeshwa mrushaji mwenyewe kwa kila iningi 9, ukiacha iliyotokana na makosa ya walinzi. DeGrom aliruhusu 41 katika iningi 217: zidisha 41 kwa 9, gawa kwa 217, unapata 1.70. Scherzer alikuwa na 2.53.

Hata hivyo, ERA nayo ina walinzi ndani yake, kwa sababu mlinzi mzito akichelewa kuufikia mpira hahesabiwi kosa. Ndiyo maana mimi hupenda FIP, inayochukua tu mambo yasiyowahusu walinzi. Mipira iliyopigwa ikavuka uzio zidisha kwa 13. Besi za bure (mpigaji hupewa besi ya kwanza mrushaji akikosea shabaha mara nne), pamoja na wapigaji waliogongwa na mpira, kwa 3. Jumlisha, kisha toa waliotolewa kwa straiki mara 2. Gawa kwa iningi, ongeza 3.16, namba ya msimu ule inayorudisha jibu kwenye kipimo cha ERA.

Kwa deGrom: mipira 10 nje ya uzio, besi za bure 46, waliogongwa 5, straiki 269. Yaani 130 + 153 − 538 = −255; gawa kwa 217, ongeza 3.16, jibu la mwisho 1.98. Scherzer anapata 2.65. Zile 300 zake ni kweli zinatisha, ila mipira 23 ilivuka uzio, na kila mmoja unamgharimu 13. Wapiga kura 29 kati ya 30 walimweka deGrom wa kwanza, na mimi ningekuwa wa 30 upande huo huo.

Tahadhari: usiitumie FIP kwa mechi tatu nne. Mpira mmoja ukivuka uzio unavuruga hesabu yote. Mwanzoni mwa msimu angalia straiki dhidi ya besi za bure, basi.