Mbolea ya ruzuku usisubiri mvua

Kaka wa Misungwi, unauliza kama usubiri mvua ndipo uhuishe taarifa za mbolea ya ruzuku, na kama wewe wa miaka 50 utapata mkopo wa halmashauri. Usisubiri! Nenda ofisi ya kijiji wiki hii, kagua jina, ekari na hasa namba ya simu. Namba ya ruzuku huja kwa ujumbe. Laini ikiwa ya shemeji aliyehamia Geita, utaiona mifuko kwa wakala na hutaibeba. Inauma sana.

Mkopo ule hauna riba, ila ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayoutoa imegawanywa: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mama watoto na wenzake wasajili kikundi, wamwone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wewe wa miaka 50 si kijana tena, hivyo kama huna ulemavu jaribu SACCOS, chama cha akiba na mikopo.